Je, Mtawala Ana Kinga Mbele ya Haki?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mfalme wa wafalme, Ambaye Yeye peke Yake haulizwi, na viumbe Vyake vyote wataulizwa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tulipokuwa katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Garissa, kijana mmoja katika wanafunzi alituuliza suala. Watu walikuwa wakizungumza habari za kuondolewa Naibu wa Rais mwezi wa Oktoba 2024, naye akasema: "Sheikh, yasemwa kwamba Naibu aweza kuondolewa, na Rais naye aweza kuondolewa, lakini Rais hashitakiwi maadamu yumo katika kiti. Je, katika dini yetu yuko mtu asiyeshitakiwa?"

Kabla hatujamjibu, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akainua mkono, akasema: "Na mimi nina suala, nalo ni la zamani kuliko la mwanangu huyu. Ndugu yangu aliuawa mwaka 1966. Hakuwa na bunduki, alikuwa na ngamia wake. Nilipotaka kudai, niliambiwa imetoka sheria ya kwamba kesi kama yangu haisikizwi. Je, haki yangu imekufa?"

Darsa nzima ikanyamaza. Tuliona kwamba masuala haya mawili ni suala moja, na kwamba halifai kujibiwa kwa maneno machache kabla ya adhana. Tukaahidi kulijibu kwa kalamu, na haya ndiyo majibu yetu.

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuwafikishwa: Asili katika dini yetu ni kwamba hapana mtu aliye juu ya hukumu. Wakubwa wa Kikureshi walipofadhaishwa na jambo la yule mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, walimtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (s.a.w.), ili amwombee. Mtume alikasirika. Akasimama akawakhutubia watu, akawaeleza kwamba kilichowaangamiza waliokuwa kabla yao ni kuwaachia watukufu wanapoiba na kuwaadhibu wanyonge. Kisha akaapa kwamba lau binti yake mwenyewe, Fatma, angeiba, hukumu ingempitia yeye pia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na kila mtoto wa chuoni aijua. Walakini wengi wetu huisoma kama hadithi ya wizi, na hali ni hadithi ya upendeleo. Mataifa yale hayakuangamia kwa kuwa na wezi, kwani hapana taifa lisilo na wezi. Yaliangamia kwa kuwa na mizani miwili.

Na wasimulizi wa Sira wametaja kwamba siku ya Badr Mtume alikuwa akizipanga safu, na mkononi ana mshale. Akamgusa nao tumboni sahaba mmoja aitwaye Sawad, aliyekuwa ametokeza mbele ya wenziwe. Sawad akasema kwamba ameumia, akataka alipwe kisasi chake. Basi Mtume akalifunua tumbo lake, akamwambia achukue haki yake; na Sawad akamkumbatia akalibusu tumbo lile. Tazama, ewe ndugu msomaji: ni saa ya vita, adui yu mbele, na anayedaiwa ni Mtume na amiri wa jeshi. Lau iko saa ambayo mtawala angeweza kusema, "Sasa si wakati wa kuulizana," basi ni saa ile. Wala hakusema.

Ama mafakihi, wamelichambua jambo hili kwa undani. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo katika nchi hizi za Kisomali na katika pwani yote, na maimamu wengine wengi, wamesema kwamba Imamu mkuu ni kama raia yeyote: akiua bila ya haki hutolewa kisasi, na akiharibu mali hulipa. Mahanafi wamekhitalifu kidogo. Wao wamesema kwamba Imamu mkuu, ambaye hapana mwingine juu yake, hatekelezewi zile adhabu zilizo haki ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuzitekeleza, na mtu hajitekelezei adhabu nafsini mwake. Lakini hata hao Mahanafi hawakuivusha rukhsa hiyo ikafika kwenye haki za waja. Damu za watu na mali za watu, wamesema, hushikwa kwazo.

Basi hii ndiyo kinga pana kabisa tuliyoipata katika vitabu vya fikihi vinavyotegemewa, nayo yakoma pale inapoanza haki ya mwanadamu mwingine.

Kutokana na hayo twapata kipimo. Kinga ni namna mbili. Iko kinga ya kuakhirisha, na iko kinga ya kufuta. Ya kwanza ni kama deni la mtu mwenye dhiki. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tumpe muhula mpaka apate wasaa, na wala muhula huo haulifuti deni. Yawezekana kuwa na maslaha katika kumwakhirishia mtawala mashitaka yake. Lau kila mwenye hasidi angeweza kumburura Rais mahakamani kila Jumatatu, kazi za umma zingesimama, na watakaodhurika ni raia. Kinga ya namna hii ni ya kiti, si ya mkaliaji. Ni kama joho la kadhi, ambalo hulivaa akiwa barazani na hulivua akirudi nyumbani kwake. Ama namna ya pili, kinga ya kufuta, hiyo yamwambia mwenye haki kwamba haki yake haipo na haikuwapo. Mwenye kudai aweza kuambiwa, "Ngoja." Hawezi kuambiwa, "Huna."

Tukiipima Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kwa kipimo hiki, twaiona, kwa insafu, kwamba katika jambo hili imekwenda karibu na njia iliyonyooka. Kifungu cha 143 kimesema kwamba Rais hashitakiwi kwa jinai maadamu yumo katika kazi, wala hadaiwi kwa madai kwa ajili ya jambo alilolitenda au aliloliacha katika kutumia uwezo wake wa Urais. Lakini kifungu hicho hicho kimeongeza mambo mawili ambayo watu hawayatii akilini. La kwanza, pale ambapo sheria imeweka muda wa kufungua mashitaka, miaka ya kuwa kwake madarakani haihesabiwi katika muda huo. Yaani saa imesimamishwa kwa ajili ya mdai, isije ikamkimbia. Mafakihi wana kaida mashuhuri kwamba haki haianguki kwa kupita zama, na hapa twaiona kaida hiyo imevaa nguo nyingine. La pili, kinga haimfuniki Rais katika makosa ambayo Kenya imefunga mkataba na mataifa mengine kwamba hayana kinga.

Na jambo hili la pili tumeliona kwa macho. Mwezi wa Oktoba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alikwenda The Hague mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya mashitaka yaliyotokana na machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Kabla hajasafiri alimkaimisha Naibu wake madaraka ya Urais, akasema kwamba aenda kama mtu binafsi. Alikuwa mkuu wa dola wa kwanza kuhudhuria mbele ya mahakama hiyo hali yumo katika kiti. Mashitaka yenyewe yaliondolewa mwezi wa Disemba mwaka ule ule, mwendesha mashitaka akisema hana ushahidi wa kutosha. Sisi hatusemi juu ya mashitaka. Twasema juu ya joho. Siku ile ilibainika kwamba joho la Urais laweza kuvuliwa kwa siku mbili tatu na nchi ikabaki mahali pake.

Tena likaja shauri la kubadilisha Katiba lililojulikana kwa jina la BBI. Mahakama Kuu mwezi wa Mei 2021, na Mahakama ya Rufani mwezi wa Agosti mwaka huo, zilihukumu kwamba Rais aweza kudaiwa hata akiwa madarakani kwa jambo alilolitenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ikaitengua hukumu hiyo katika suala hili, ikasema kwamba yeye mwenyewe hadaiwi maadamu yumo katika kazi. Wako waliofurahi na wako waliohuzunika. Sisi twaona kwamba la muhimu ni hili: tendo la Rais bado laweza kupingwa mahakamani kwa kumdai Mwanasheria Mkuu badala yake, na mahakama yaweza kulibatilisha. Mtu amekingwa, tendo halikukingwa. Maadamu mlango huo uko wazi, kinga imebaki katika namna ya kwanza. Siku utakapofungwa, itakuwa imehamia katika namna ya pili.

Mtu wa Nairobi akisoma mpaka hapa huenda akatosheka. Lakini sisi wa Kaskazini Mashariki tuna habari nyingine, na mzee wetu aliyeegemea nguzo ndiye aliyetukumbusha.

Nchi hii ilipopata uhuru tarehe 12 Disemba 1963, haikupata wiki tatu ila hali ya hatari ikatangazwa katika mkoa wetu, na vita vile vilivyoitwa vya Shifta vikaanza. Kwa muda wa miaka mingi Katiba ya zamani ilimpa Rais uwezo wa kuutungia kanuni mkoa huu kwa amri yake mwenyewe. Sheria zilizomkinga mtu wa Nyeri au wa Kisumu zilisimama kwenye daraja la mto Tana. Huku ng'ambo mtu aliweza kuzuiliwa bila ya kuhukumiwa. Vita vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, kwa usuluhisho wa Rais Kaunda wa Zambia. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Kisha mwaka 1970 Bunge lilipitisha ile sheria aliyoisema mzee wetu, Sheria ya Kinga. Ilisema kwamba hapana mahakama itakayosikiliza madai wala kutoa fidia kwa ajili ya mambo yaliyotendwa na watumishi wa serikali na askari, tangu tarehe 25 Disemba 1963 mpaka tarehe 1 Disemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, iwapo yalitendwa kwa nia njema, au katika kutimiza kazi kwa maslaha ya umma.

Angalia sana maneno haya, kwani ndani yake mna hoja inayoweza kumdanganya hata mwanachuoni. "Kwa nia njema." Je, Mtume hakutufundisha kwamba matendo hutazamwa kwa nia? Naam, alitufundisha. Lakini nia ni baina ya mtu na Mola wake: huondoa dhambi, haiondoi dhamana. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amemtaja anayemuua Muumini kwa kukosea, asiyekusudia kabisa. Je, ameambiwa aende zake kwa kuwa nia yake ni safi? La. Ameamrishwa kumkomboa mtumwa, na kuwapa diya watu wa maiti, ila wao wenyewe wakisamehe. Msamaha umewekwa mikononi mwa wenye damu, haukuwekwa mikononi mwa mwuaji, wala wa amiri wake, wala wa wanaoandika sheria. Na katika Suratul Israa ameeleza kwamba mwenye kuuawa kwa dhulma, walii wake amepewa mamlaka. Basi mzee wetu alikuwa na mamlaka aliyopewa na Mola wake, na kura za Bunge zikamnyang'anya bila ya yeye kuulizwa.

Na lau mtu atasema kwamba haya yalikuwa ya vita, na vita vina mambo yake, twamwambia asome kisa cha Bani Jadhima. Baada ya kufunguliwa Makka, Mtume alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa watu hao kuwaita katika Uislamu. Walitaka kusema kwamba wamesilimu, wakalikosea tamko; Khalid akafahamu sivyo, akawaua baadhi yao. Khabari ilipomfikia Mtume aliinua mikono yake, akajitakasa mbele ya Mwenyezi Mungu na tendo la Khalid. Kisha, kama walivyosimulia wenye Sira, akamtuma Sayyidna Ali (r.a.) na mali, akawalipe diya ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibika, mpaka kile chombo anachonywea mbwa. Na mali iliposalia, Ali akawapa iliyobaki, kwa tahadhari, isije ikawa liko jambo lililosahauliwa.

Ndugu zetu, hapa pana mambo matatu. Khalid hakukusudia dhulma, bali alikosea katika kufahamu; kwa hivyo hakutolewa kisasi, wala hakuvuliwa uamiri. Hiyo ndiyo sehemu ya nia njema. Lakini mkuu wa dola alilikiri kosa hadharani, hakulificha kwa ajili ya heshima ya jeshi. Na hazina ikalipa mpaka chombo cha mbwa. Sheria ya mwaka 1970 ililichukua jambo la kwanza, ikayaacha mawili.

Mtu atasema: sheria ile ilihusu miaka minne tu, nayo imepita. Twasema, miaka ilipita, mazoea hayakupita. Askari aliyeona kwamba mwenziwe hakuulizwa, mtoto wake hujifunza kutokuulizwa. Mwezi wa Novemba 1980, hapa hapa Garissa, baada ya watumishi wa serikali kuuawa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa siku kadhaa katika jua. Mwezi wa Februari 1984 wanaume walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilitaja maiti 57. Wenyeji wataja mamia mengi, na wako wanaotaja maelfu. Matukio haya mawili hayakufunikwa na sheria ya 1970, kwani muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Yalifunikwa na yale mazoea. Kwa hivyo tunapouliza mpaka wa kinga ya Rais ni upi, hatuulizi suala la wanasheria. Twauliza kama watoto wetu watalala salama.

Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifanya vikao vyake katika mkoa huu, watu wakatoa ushahidi, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Ripoti ilitolewa Mei 2013, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kufutwa kwa sheria ile ya 1970. Mwezi wa Machi 2015 Rais alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali, akataja mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kuomba radhi ni jambo jema, na hatumnyimi aliyelitenda sifa yake. Lakini Mtume hakukoma kwenye kuinua mikono. Alimtuma Ali na mali.

Sasa na tuje kwenye kuondolewa kwa mtawala, kwani hilo ndilo lililomfanya kijana aulize.

Imamu al-Mawardi, kadhi mkubwa katika madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058 Miladia, katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya ametaja kwamba Imamu hutoka katika Uimamu kwa mambo mawili: kuharibika kwa uadilifu wake, na kupungukiwa katika mwili wake. Kisha akayafafanua ya mwili: kupotewa na hisi kama akili na macho, kupungukiwa na viungo, na kushindwa kuendesha mambo, kama vile kutekwa na adui. Haya yaliandikwa karibu miaka elfu iliyopita. Na atakayefungua Katiba ya Kenya ataona kwamba kifungu cha 144 kimezungumza juu ya Rais asiyeweza kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, ambaye jambo lake hutazamwa na jopo la watu 5, watatu wao wakiwa madaktari; na kifungu cha 145 kimezungumza juu ya Rais aliyevunja Katiba au sheria vibaya, au anayedhaniwa kwa sababu nzito kuwa ametenda jinai, au aliyefanya utovu mkubwa wa mwenendo. Huyo hujadiliwa kwanza na Bunge la Taifa: hoja haisimami ila iungwe mkono na thuluthi ya wabunge wote, na haipiti ila kwa thuluthi mbili. Kisha huenda Seneti, nako pia hapana kuondolewa ila kwa thuluthi mbili. Mwili na uadilifu: milango ni ile ile miwili ya al-Mawardi.

Wako ndugu zetu wanaochukia mazungumzo haya. Wao husema: Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwatii wenye mamlaka, na wanavyuoni wa Sunna wametuonya tusiwatokee watawala kwa ajili ya kuogopa fitna. Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau; na watu wa mkoa huu ndio wa mwisho kuidharau fitna, kwani tumeionja. Lakini wanavyuoni walilokataza ni kumtokea mtawala kwa upanga. Kumwuzulu kwa njia iliyoandikwa, kwa shauri la wale waliopewa kazi ya kufunga na kufungua mambo ya umma, bila ya tone la damu, ni jambo jingine. Bali njia hiyo ndiyo inayouzuia upanga. Nyumba isiyo na mlango wa kumtolea mtu, atakayetaka kumtoa atavunja ukuta. Somalia, jirani yetu na nchi ya jamaa zetu, Siad Barre aliingia kwa mapinduzi ya Oktoba 1969, akakaa miaka ishirini na zaidi, wala hapakuwa na mlango wa kumtoa. Ukuta ulipovunjwa Januari 1991, nyumba nzima iliwaangukia waliomo. Kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa mwaka huo katika ardhi yetu hii ya Garissa, ni ushahidi unaoonekana na kila apitaye njiani. Basi ipi iliyo karibu zaidi na fitna: kura ya Seneti, au kukosekana kwa kura?

Lakini mlango nao una adabu zake. Mtume alipomtuma Sayyidna Ali kwenda Yaman kuhukumu, alimfunza asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Mwezi ule wa Oktoba 2024, Naibu wa Rais Rigathi Gachagua alishitakiwa kwa mambo 11. Bunge la Taifa lilipitisha hoja tarehe 8 kwa kura 281 dhidi ya 44, na Seneti tarehe 17 ikamtia hatiani katika mambo 5, naye siku ile aliyotazamiwa kujieleza alikuwa hospitali. Alikuwa wa kwanza kuondolewa katika cheo hicho chini ya Katiba hii. Sisi hatuhukumu kama alistahiki au hakustahiki, hatukuwa mashahidi. Twasema tu kwamba anayeondolewa kwa chuki ya wengi amedhulumiwa kama alivyodhulumiwa raia aliyenyimwa mahakama, na kwamba uadilifu katika kumwuzulu mtu ni sharti sawa na uadilifu katika kumtawalisha.

Imebaki nasaha moja, nayo ni chungu, kwa sababu yatuhusu sisi wenyewe. Tumezungumza juu ya kinga ya Rais. Je, vipi kinga ya ukoo?

Tangu mwaka 2013 tuna magavana, nao wanatoka katika sisi. Katiba haikuwapa magavana kinga ile ya kifungu cha 143. Na kwa kifungu cha 181 waweza kuondolewa, kama gavana wa Wajir alivyoondolewa na Seneti Mei 2021, kisha jambo lake likaendelea mahakamani. Lakini pale ambapo Katiba haikuweka kinga, sisi tumeiweka. Mtu wetu akiulizwa mali ya umma imekwenda wapi, wazee hukusanyika hotelini, hutoa tamko kwamba ukoo wetu waonewa. Hakuna anayeuliza visima vimechimbwa au havikuchimbwa, wala hospitali ina dawa au haina. Kinga hii ni pana kuliko ya Rais, kwani ya Rais ina mwisho, na ya ukoo haina. Nayo ni ile ile asabia aliyoikemea Mtume. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hakusema: ila gavana wetu.

Na ajabu ni kwamba desturi yetu ya asili yajua zaidi kuliko hivi. Mtu wetu akiua, ukoo hukusanya ngamia wakalipa diya. Ukoo husimama naye katika kulipa, hausimami naye katika kukana. Kwanza kosa hukiriwa, kisha mzigo hugawanywa. Lau tungewatendea viongozi wetu kwa desturi hiyo, tungekuwa na uso wa kuidai serikali diya ya watu wetu. Vipi tutadai Nairobi ifungue daftari la 1966, nasi daftari la mwaka jana tumelikalia?

Basi majibu yetu ni haya. Wewe kijana: katika dini yetu hapana asiyeulizwa ila Mwenyezi Mungu. Rais aweza kuakhirishiwa kwa maslaha ya umma, kwa masharti matatu: kinga iwe ya kiti, iwe na mwisho, na mwenye haki aachiwe mlango wa kubisha. Pungufu ya hayo ni dhulma, ijapokuwa imepigiwa kura.

Na wewe mzee wetu: haki yako haikufa. Sheria ya watu iliweza kuuzuia mkono wa kadhi, haikuweza kulifuta jina la ndugu yako. Twakuomba, na twawaomba wazee wote mlio kama wewe, muwaite wajukuu zenu wanaojua kuandika, muwaeleze: jina, mahali, mwezi, na nani alikuwapo. Mwenyezi Mungu amemhesabu mwenye kuficha ushahidi kuwa moyo wake una dhambi. Mlango ukifunguliwa kesho, pasiwe hapana wa kuingia kwa kuwa mashahidi wamezikwa pamoja na khabari zao. Na usipofunguliwa hapa duniani, iko mahakama ambayo haina Sheria ya Kinga.

Ewe Mwenyezi Mungu, tupe viongozi wanaokuogopa, na tupe sisi ulimi wa kuwaambia kweli, wawe wa mbali nasi au wawe wa nyumba zetu. Warehemu waliouawa bila ya hatia katika ardhi hii, na uwape subira waliobaki. Amin.